Filamu Isiyokuwa na Staring

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minane, na neno "kustaafu" limemchekesha kila niliyemwambia. Shangazi yangu aliuliza keki iko wapi. Jirani aliuliza kama nimefukuzwa. Ukweli ni kwamba daktari wetu, kijana mpole aliyehamishiwa Kasulu kutoka Moshi, alinimulika kooni na kuniambia kamba zangu za sauti zimeota sugu kama kiganja cha mtu wa jembe, na kwamba nikiendelea kupiga kelele kwenye maiki nitabaki nikinong'ona hadi uzee. Kwa hiyo nimeacha kutafsiri filamu. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaotafsiri sasa, ambao wengi mnajirekodi kwa simu chini ya blanketi na kunitumia ujumbe kwamba dada Butoyi tupe siri za kazi. Siri sina. Nina kumbukumbu, na nyingi zinaniudhi hadi leo.

Mjue kwanza mnamsoma nani. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla ya kuingia dukani narudia kimoyomoyo nitakachosema, na nikishatoka nawaza jinsi nilivyopaswa kukisema. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya chini ya filamu na kwa kamusi ambayo panya walikula kurasa za mwanzo, ikawa inaanzia herufi D. Kwa miaka mingi maneno yote yanayoanza na herufi tatu za mwanzo niliyajua kwa kubahatisha. Mtu mwenye akili timamu angenunua kamusi nyingine. Mimi niliona kwamba nikinunua nyingine nitakuwa nimekiri kwamba ile niliyoitegemea ilikuwa mbovu, nikakosa usingizi, nikaendelea nayo.

Kazi niliianzia Kibondo, kwenye banda la video la kaka Zabroni, jirani na stendi. Zabroni alikuwa dijei maarufu wa kutafsiri filamu, na Kiingereza hakujua hata kidogo. Alikuwa akitazama midomo na macho ya waigizaji, kisha anatunga. Siku niliyoingia kama mtazamaji, kwenye skrini daktari alikuwa akimwambia mama mmoja kwamba ana saratani. Zabroni akasema kwenye maiki kwamba daktari anadai kodi ya nyumba. Nilivumilia, nikashindwa.

"Siyo kodi!" nilisema kwa sauti. "Huyo mama anaumwa!"

Banda zima liligeuka. Nilitamani nife hapo hapo kwenye benchi. Zabroni akasema kwenye maiki, bila hasira yoyote, "Ndugu watazamaji, kuna dada huku anasema siyo kodi. Dada, njoo basi ututafsirie."

Nilikwenda kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Nikatafsiri kila kitu. Mtu akifungua mlango, nasema anafungua mlango.

"Dada, mlango tunauona!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Anasema habari za asubuhi," nikaendelea.

"Mwambie hatujambo, na watoto hawajambo!"

Walicheka hadi mwisho wa filamu, na ilikuwa filamu ya msiba. Nililia nyuma ya spika. Zabroni aliniletea soda, akakaa juu ya kreti, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe umetafsiri maneno. Watu hawakuja kusikia maneno."

"Wamekuja kusikia nini?"

"Wamekuja kujua nani atapigwa."

Hapo ndipo nilipofundishwa kanuni ya kwanza ya kazi hii, na nyinyi mnaijua hata kama hamjawahi kuambiwa. Kabla mtazamaji hajamaliza kutafuta pa kukaa, lazima umwambie staring, yule shujaa wetu, ni nani na adui ni nani. Staring hafi. Staring akipigwa risasi ni begani. Staring akikosea, kachokozwa. Ukishamtaja, mtazamaji ametulia, na hata umeme ukikatika atakuja kesho kwa sababu anajua yupo upande gani. Zabroni alikuwa akiwapa mastaring na majina: Jembe, Radi, Baba Lao. Mimi nilichukia sana mambo haya, na nilibaki, kwa sababu hapakuwa na banda jingine ambalo lingempa maiki msichana. Sauti ya kike, waliniambia, haiwezi vita. Nilitafsiri vita vingi kuliko mwanamume yeyote wa ukanda huu, na kila mara alitokea mzee wa kuuliza kwa nini majenerali wote wanaongea kama dada yake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Maiki yangu niliivisha soksi safi ya mtoto ili herufi P isilipuke. Hedifoni nilivaa sikio moja, jingine niliwaachia watazamaji, maana wao ndio wanaokuambia kama umepotea. Usile karanga kabla ya kazi. Usinywe maji baridi. Mvua ikianza kupiga bati, nyamaza. Hakuna binadamu anayeishinda mvua ya Kibondo, na tulioshindana nayo ndio sisi tunaomulikwa kooni.

Simu zilipoenea, Zabroni alihamia Kasulu, nami nikamfuata. Banda tulikuwa nalo, lakini sasa tulirekodi tafsiri na kuwauzia wenye mabanda mengine kwa flashi. Wateja walitoka Nyakitonto, walitoka Kibondo kulekule, na mmoja alitoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza.

Aliitwa Papa Bonane, Mkongo mwembamba aliyenyoosha shati lake kwa pasi hata siku za vumbi. Alikuwa na banda lake la video kambini, la miti na turubai. Kila alipopata kibali cha kutoka alikuja, anakaa, ananisifu kwa Kiswahili cha kwao, cha batu badala ya watu, kisha anaeleza kilichokosewa. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Ndiye mteja pekee aliyesikiliza kama ninavyosikiliza mimi.

Siku moja alikuja na filamu ya Kifaransa, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Ilikuwa hadithi ya zamani ya nchi isiyotajwa jina, ambapo kapteni kijana mwenye miwani nyeusi anamwondoa rais mzee madarakani. Wanajeshi wanazingira ikulu, wanaingia kituo cha redio, wanamlazimisha mtangazaji asome tangazo lao. Baadaye wanampiga risasi mtangazaji. Rais ni mwizi, kapteni ni katili, na hakuna mtu wa kumpenda.

"Mama Butoyi," aliniambia, "hii unifasirie vizuri, vizuri kabisa. Kwangu banakuja batu ya Kongo na batu ya Burundi. Beko na hii mambo ndani ya vichwa. Juzi juzi kwa filme ya vita banapigana na mabenchi. Wakubwa ya mtaa wetu banasema, tena kelele moja, banda linafungwa. Ni hilo banda lenye kulisha watoto."

"Kwa nini basi usionyeshe filamu ya mapenzi, Papa?"

"Wenyewe ndio banaiomba. Banasema, Papa Bonane, tutafutie yenye kusema yetu."

Ndiyo hali yenyewe. Watu wakimshangilia kapteni mbele ya majirani waliokimbia makapteni, banda linafungwa. Kazi yangu ilikuwa wasishangilie.

Nilikwama kwenye neno la kwanza. Kitendo chenyewe kinaitwaje? Lile neno la Kiingereza lilikuwa kwenye kurasa walizokula panya, lakini maana yake niliijua, ya Kiswahili ndiyo iliyonitesa. Sisi tunasema mapinduzi. Sasa jaribu kumwambia Mtanzania kwamba mapinduzi ni jambo baya. Tumeyaimba shuleni tukiwa na kaptura na sketi, yana sikukuu yake kila Januari, watu wanalala hadi saa nne asubuhi kwa heshima yake. Nikisema "mapinduzi ya kijeshi" watasikia neno la mwanzo tu. Nikisema "uasi" nimemtetea rais mwizi. Papa Bonane alisema kwao wanasema kudeta. Nilimpelekea swali mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Lushoto aliyepangiwa sekondari yetu, ambaye hujibu kila kitu akiwa amesimama.

"Mapinduzi ya kijeshi, binti. Ndiyo sanifu."

"Na kudeta?"

"Kudeta ni nini? Jina la mbwa?"

Mwishowe niliamua kutolitaja kabisa. Kila lilipotokea nilisema "jeshi limechukua serikali." Nikaamua pia jambo ambalo sikuwahi kulifanya: filamu hii haitakuwa na staring. Nitasema kila mtu alichosema, kwa jina lake la kwenye filamu, na watazamaji wataamua. Nilirekodi nikafuta, nikarekodi nikafuta. Sentensi moja ya rais niliisema kwa namna nyingi hadi mama mwenye nyumba akaniuliza kupitia dirishani kama huyo rais amekubali kuondoka au vipi.

Nilipomaliza nilimkabidhi Zabroni flashi. Alisikiliza kidogo, akashusha pumzi.

"Staring nani?"

"Hayupo."

"Hayupo amekwenda wapi?"

"Kaka Zabroni, hii haina staring. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Mdogo wangu, hata ndoo ina mpini. Watu watashika wapi?"

Tulikubaliana tuijaribu Jumamosi mchana bandani kwetu Kasulu, Papa Bonane akiwepo, kisha aondoke nayo jioni.

Jumamosi banda lilijaa. Nilikaa benchi la nyuma na Papa Bonane. Filamu ikaanza, magari ya jeshi yakatokea barabarani, na sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa yangu.

"Ndugu watazamaji, leo ni mapinduzi! Na huyu mwenye miwani ndiye staring wetu, Kapteni Radi! Mtazameni vizuri!"

Zabroni alikuwa ameubandika utangulizi wake juu ya wangu. Nilimwangalia mlangoni, akaninyanyulia dole gumba, kwa moyo mweupe kabisa. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi nikikumbuka: alidhani ameniokoa.

Baada ya hapo sauti yangu iliingia, ikasema vizuri kila nilichokihangaikia, na hakuna aliyesikiliza. Walishapata mpini. Kapteni akivuka barabara, wanapiga makofi. Kapteni akimpiga kibao waziri, wanasimama. Geti la ikulu lilipovunjwa, kijana wa mbele akapaza sauti, "Mapinduzi!" na nusu ya banda ikaitikia kama tulivyofundishwa shuleni, "Daima!"

Papa Bonane aliweka viganja juu ya magoti na kuvitazama. Nikamwona akipiga hesabu ya mabenchi yake.

Nilisimama. Mimi, ambaye huomba radhi nikipishana na mbuzi, niliwakanyaga watu nikafika kwenye kompyuta, nikaizima filamu yenye tafsiri na kufungua ile tupu, ya Kifaransa, pale pale ilipokuwa imefika. Kelele zikaanza.

"Dada, vipi?"

"Rudisha Kiswahili!"

"Huyu Butoyi ana wivu, Radi kampiga chini!"

"Tutazame kama mabubu?"

Kwenye skrini wanajeshi walikuwa wameshaingia kituo cha redio. Mtangazaji ameketi mbele ya maiki kubwa ya zamani. Kapteni amesimama nyuma yake, mkono begani mwake, kama mtu na rafiki yake. Mtangazaji akapewa karatasi. Akaitazama. Hakuanza kusoma mara moja, filamu hiyo ina subira kuliko mimi, na katika ule ukimya Papa Bonane akasema kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wananchi, mukae kimya. Mubakie mu manyumba yenu. Mipaka imefungwa. Redio muiache wazi, mungojee tangazo ingine."

Ndipo mtangazaji akafungua mdomo. Akasoma kwa Kifaransa, na yale maandishi ya Kiingereza yakapita chini, moja baada ya jingine: watulie, wabaki majumbani, mipaka imefungwa, waache redio wazi.

Yule kijana wa "Mapinduzi!" akageuka. "Mzee, kumbe ulishaiona hii?"

"Hapana, mwanangu. Filme sijaiona. Hiyo maneno ndiyo ninaijua."

"Ulisikia wapi?"

"Nyumbani. Mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na ukuta, ambaye wazazi wake waliishi Mtabila enzi ile kambi ya Warundi ikiwepo, akasema taratibu kwamba marehemu baba yake alikuwa akilisema tangazo hilo hilo akiwa na homa. Kisha kapteni akamfyatulia risasi mtangazaji, na banda halikupiga makofi. Lilitazama hadi mwisho, bila dijei, kwa lugha wasiyoijua. Mtu mmoja tu aliuliza, kwa sauti ya aliyeibiwa, "Sasa staring nani?"

Watu walipotoka Zabroni alinijia amevimba kwa hasira. "Umeniulia filamu, Butoyi."

"Wewe umeniharibia kazi ya wiki tatu!"

"Kazi gani? Kazi ya kutosema?"

Papa Bonane alitusubiri tumalize, maana alikuwa na adabu kuliko sisi wote wawili. Nikamwambia nitampa ile yangu, safi, bila utangulizi wa Zabroni. Akatikisa kichwa.

"Yako ni muzuri, Mama Butoyi. Lakini unipe hii yenye haina maneno. Nitakaa pembeni ya televizyo, nitasema mimi mwenyewe."

"Lakini utasahau vitu. Utaruka. Rais ana sentensi moja ndefu pale kwenye ngazi, ina maana mbili, lazima..."

"Nitaruka," alisema. "Haina neno."

Aliondoka nayo kabla kibali chake hakijaisha muda. Nami nilibaki na tafsiri niliyoitengeneza vizuri kuliko zote, ambayo hadi leo haijasikilizwa na mtu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na mimi, kwa sababu nikifika kwenye ile ngazi nasikia nilivyokosea pumzi.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kichwani niliona banda lake limefungwa, mabenchi yamepangwa nje, turubai limekunjwa. Nilimwambia Zabroni kwamba likifungwa ni juu yake. Akasema likifungwa ni juu ya mwenye filamu isiyo na staring. Tulikuwa hatusalimiani, tukifanya kazi kwenye chumba kimoja chenye kiti kimoja.

Kisha Papa Bonane akapiga simu. Nyuma yake nilisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja.

"Wamepigana?" nilimuuliza kabla ya salamu.

"Nani?"

"Watu! Banda, Papa, banda limefungwa?"

"Banda liko. Batu beko ndani. Hii ni mara ya tatu tunaionyesha, wakubwa ya mtaa nao banakuja kutazama."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kama walimshangilia kapteni. Akasema la. Nikamuuliza kama walimpenda rais. Akacheka sana.

"Banabishana tu. Si unajua, lazima iko na staring. Banabisha, banabisha, mwisho banakubaliana. Staring ni ule mama wa godoro."

"Mama gani?"

"Mama wa godoro! Yenye anapita na godoro kichwani."

Sikumjua. Nilikuwa nimeitazama filamu ile hadi ningeweza kuichora, na sikumjua. Nikafungua kompyuta, simu ikiwa sikioni. Alikuwepo. Wanajeshi wanapozingira ikulu, nyuma yao, mbali, mwanamke anapita na godoro lililokunjwa kichwani, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Anatokea tena kipindi kapteni anapohutubia, sasa yuko pembeni kabisa ya skrini, bado anatembea. Hasemi kitu. Na kwa kuwa hasemi kitu, mimi, mtafsiri, nilikuwa sijawahi kumwona.

"Nimempata," nilisema.

"Eh. Sasa batu banauliza, na mimi sina jibu, ndiyo ninapiga. Anafika?"

"Anafika wapi?"

"Kwenye anaenda. Mara ya pili anaonekana, kisha basi. Banataka kujua kama alifika."

Nikapeleka mbele hadi mwisho, nikarudisha, nikapeleka tena. "Papa, filamu haisemi."

"Ninajua haisemi. Weye ndiyo mufasiri. Sema."

Zabroni alikuwa ameacha anachofanya, ananitazama. Kule kambini zile sauti zilikuwa zimepungua, nikaelewa kwamba ameiweka simu kwenye spika. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumwekea mtu neno ambalo hakulisema, na niliwadharau waliofanya hivyo, na mmoja wao alikuwa amesimama mbele yangu akiwa na kijiti cha kuchokolea meno.

"Alifika," nikasema.

"Na batoto?"

"Wote wawili."

Nikasikia akilipeleka jibu nyuma, na mwanamke mmoja akauliza kitu ambacho sikukidaka. Papa Bonane akarudi kwenye simu.

"Banauliza, godoro nalo?"

"Nalo, Papa," nilisema. "Godoro nalo lilifika."